Gari linalonyeshewa kwa ndani: sanrufu, silikoni na maji ya aina mbili

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Harrier ya mwaka 2006 yenye sanrufu, yaani kioo cha paa kinachofunguka. Tangu masika yaanze, mvua ikinyesha maji yanadondoka kwenye taa ya ndani, na nikifunga breki yananimwagikia begani, wakati mwingine saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Fundi mmoja wa mtaani alipaka silikoni kuzunguka kioo chote cha paa. Siku mbili za mvua ndogo ndani kulikuwa kukavu, ya tatu ikapiga mvua kubwa, maji yakarudi, na sasa kioo hakifunguki. Kinachonichanganya zaidi ni kapeti ya abiria wa mbele, upande wa kushoto: inalowa hata siku za jua kali. Gari limeanza kunuka uvundo. Nyumbani Chumbageni naegesha chini ya mkwaju. Niongeze silikoni, nibadilishe kioo, au niliuze tu? Msomaji, Tanga.

JIBU: Usiliuze, dada yangu, na silikoni usiongeze hata tone. Kwa dalili ulizozieleza, gari lako linaingiwa na maji ya aina mbili kwa njia mbili zisizohusiana. Yanayodondoka kwenye taa na kukumwagikia begani ni ya mvua, yanatoka kwenye trei ya sanrufu. Yanayolowesha kapeti ya abiria siku za jua karibu hakika ni ya kiyoyozi, yanatoka nyuma ya dashibodi. Ndiyo sababu dawa moja isingeweza kukuponya, hata kama ingepakwa vizuri.

Kwanza kabisa, usibonyeze tena swichi ya sanrufu. Kioo kimegandishwa, na mota haijui hilo. Itavuta waya zake mbili zinazopita kwenye reli za pembeni, na kwa kuwa gundi haijashika sawasawa pande zote, upande mmoja utatangulia na kioo kitakaa mshazari. Hapo ndipo vipande vya plastiki vinavyoteleza kwenye reli huvunjika, na hivyo ni vigumu kuvipata kimoja kimoja, utaambiwa ununue fremu nzima. Tafuta fyuzi ya sanrufu kwenye mchoro wa kifuniko cha fyuzi boksi uichomoe mpaka kazi iishe.

Kwa nini silikoni haikusaidia

Watu wengi, na mafundi wengi pia, huamini kwamba raba inayozunguka kioo cha sanrufu ndiyo inayozuia mvua. Raba hiyo hupunguza maji na kuzuia kelele ya upepo, lakini haikuundwa kuziba kabisa. Watengenezaji wanajua kwamba maji kidogo yatapita, kwa hiyo chini ya kioo wameweka trei yenye mfereji unaozunguka uwazi wote. Kwenye pembe nne za trei kuna matundu, na kila tundu lina mpira mwembamba wa kushusha maji. Mipira miwili ya mbele hupita ndani ya nguzo zinazoshika kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya fenda. Miwili ya nyuma hushuka kwenye nguzo za nyuma na kutokea karibu na matairi au nyuma ya bampa. Mahali penyewe hutofautiana kwa kila gari na toleo.

Ni habari ile ile ya mlizamu wa nyumba. Majani yakiziba mlizamu, maji hufurika ukutani, na hakuna anayepanda juu kwenda kuziba bati. Mlizamu unazibuliwa.

Kilichoniambia kwamba kwako tatizo ni mifereji kuliko raba ni ile habari ya breki. Raba mbovu hudondosha wakati wa mvua, mvua ikikatika nayo hukatika muda mfupi baadaye. Maji yanayokumwagikia saa kadhaa baadaye, tena kwa mkupuo, ni maji yaliyotuama. Trei imejaa kama sinia, ukifunga breki yanasukumwa mbele, yanaruka ukingo na kutafuta tundu lililo karibu kwenye silingi, ambalo ni la taa.

Na mkwaju wako unahusika. Vijani vyake ni vidogo kuliko ukucha, vinapita bila shida kati ya kioo na raba. Jani la mwembe au la mkungu lingebaki juu ya paa likapeperuka. La mkwaju huingia, hulowa, huchanganyika na vumbi na kuwa tope jeusi linaloshuka moja kwa moja kwenye tundu. Mkrismasi ni hivyo hivyo. Wanaoegesha chini ya mivinje wana shida nyingine: ule mwiba laini huingia kwenye mpira kama sindano, kisha hushika kila kinachopita nyuma yake.

Sasa silikoni. Imepakwa juu ya rangi yenye vumbi na mabaki ya polishi, kwa hiyo haikushika. Paa la gari lililoanikwa kwenye jua la Tanga hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na silikoni ikaachia sehemu moja. Mvua ndogo za siku mbili hazikutosha kujaza trei, ya tatu ikatosha. Na kuna jambo linalonihuzunisha kila ninapoliona likifanywa kwenye magari. Ile silikoni ya kawaida ya dukani, inayonuka kama siki inapokauka, hutoa asidi halisi ya siki. Ikikuta mkwaruzo kwenye rangi inaanza kula bati, na kwenye mji wenye hewa ya chumvi kama huu kutu haisubiri kualikwa.

Kuitoa silikoni bila kuharibu rangi

Usikubali wembe wala kisu. Nunua mshipi wa kuvulia, ule mnene wa nailoni, kama milimita 0.6 hivi. Kwa kadi ya zamani ya plastiki inua silikoni kwenye pembe moja, pitisha mshipi chini yake, shika ncha mbili na uvute huku na huku kama unakata kwa msumeno, ukifuata ukingo wa kioo. Silikoni itatoka kwa utepe mrefu. Mabaki yasugue kwa kidole gumba mpaka yajikunje, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Petroli na thina viwe mbali kabisa, maana thina hula rangi na vyote viwili huharibu raba.

Pande zote nne zikiwa huru, rudisha fyuzi. Usianze kukirudisha kioo nyuma, anza kwa kukiinua ukingo wa nyuma tu, huku mtu mwingine akiangalia kwa nje. Kikiinuka sawa pande zote mbili, jaribu kukifungua kidogo kidogo. Mota ikigugumia, acha hapo hapo utafute sehemu iliyobaki imeganda. Kikishafunguka, angalia kwa tochi kama fundi yule hakusukuma silikoni mpaka kwenye mfereji. Kipande kimoja kikianguka kwenye tundu kinatosha kuziba.

Kupima kabla ya kuzibua

Egesha sehemu tambarare. Hili si dogo: gari likiinama mbele, maji yote hukimbilia matundu ya mbele, na utasema ya nyuma ni mazima kumbe hujayapima. Futa mfereji kwa kitambaa kibichi, toa majani yanayoonekana kwa kibanio au kwa mashine ya kunyonya vumbi. Matundu ya mbele utayaona kioo kikiwa wazi. Ya nyuma mara nyingi yamejificha chini ya kioo na utayafikia kikiwa kimeinuliwa.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, uminye kama mililita 100 polepole kwenye pembe ya mbele kulia. Msaidizi awe chini na tochi, mmoja awe ndani akipapasa pembeni mwa kapeti. Kisha pembe ya pili, ya tatu, ya nne, moja baada ya nyingine, bila kuchanganya.

Pembe nzima hunywa maji papo hapo na baada ya sekunde chache yanadondoka chini ya gari. Pembe ambayo maji yanasimama kwenye trei imeziba. Inayokunywa polepole nayo ihesabu kuwa imeziba, kwa sababu mvua kubwa ya masika huleta maji kwa kasi kuliko chupa yako. Lakini matokeo ya kuogopa ni ya tatu: maji yanaondoka kwenye trei na chini ya gari hakitoki kitu. Hapo ama mpira umechomoka au kupasuka ndani ya nguzo, au ncha yake ya chini imeziba na mpira unajaa. Acha kumwaga mara moja, kila tone linaingia kwenye kapeti au kwenye nyaya.

Kipimo cha mashine ya kuoshea magari usikikubali. Maji yale yana shinikizo ambalo mvua haina, yatapenya hata kwenye raba mpya na kukupotosha.

Kuzibua

Kinachofaa zaidi ni uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, unene wa milimita 2 mpaka 2.4, urefu wa mita 2. Pasha ncha kwa kiberiti kidogo tu ili iwe ya mviringo, iache ipoe. Ingiza taratibu kutoka juu, ukizungusha katikati ya vidole. Ukikwama, rudisha sentimita chache, zungusha, jaribu tena. Waya wa breki ya baiskeli, ambao mafundi wengi hukimbilia, ni mgumu mno: kwenye kona ya kwanza unatoboa mpira, na tobo hilo liko ndani ya nguzo ambako hakuna mtu ataliona.

Uzi ukishapita, mwaga maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya maji, subiri dakika 10, pitisha uzi tena, halafu suuza kwa nusu lita ya maji safi. Yanayotoka chini yatakuwa meusi mwanzoni. Endelea mpaka yawe meupe.

Upepo wa kompresa nauogopa, na nitaeleza sababu. Mipira hii imevikwa tu kwenye chuchu za plastiki zinazotokeza chini ya matundu ya trei, haijafungwa kwa nguvu. Ukipiga upepo wa kujazia matairi ya lori kutoka juu, uchafu unasukumwa na kushindiliwa kwenye ncha ya chini, presha inapanda, na mpira unachomoka juu, nyuma ya silingi. Utaondoka gereji ukidhani umepona, na mvua ya kwanza itaingia moja kwa moja bila hata kupitia tundu. Ikiwa lazima upepo utumike, uwe chini ya psi 30, na upigwe kutoka chini kwenda juu, huku kitambaa kikiwa kimefunika tundu la juu ili kipokee uchafu. Pampu ya baiskeli inatosha kwa wengi.

Ncha ya chini usiisahau. Magari mengi yana kizibo cha raba chenye mdomo uliobanana kama wa bata, unaofunguka maji yakisukuma na kujifunga ili wadudu na kelele visiingie. Tope la barabarani huugandisha mdomo huo, na manyigu wanaojenga kwa udongo hupenda vitundu vya namna hiyo. Unaweza kuzibua juu mchana kutwa na tatizo likawa huku. Kwa mipira ya mbele huenda ukalazimika kuzungusha usukani, kutoa klipu chache na kuvuta kidogo plastiki ya ndani ya fenda. Minya mdomo wa raba kwa vidole mpaka ufunguke, uoshe, uache ukiwa laini.

Mpira ukiwa umechomoka

Hii ndiyo kazi ya kumpa fundi mwenye subira, lakini uwepo wakati anaifanya. Ndani ya nguzo ya mbele na pembeni mwa silingi kunaweza kuwa na eabegi ya pazia, ule mfuko wa hewa unaofumuka ubavuni gari likigongwa. Kabla ya kugusa plastiki ya nguzo, waya hasi wa betri uchomolewe. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, mimi nasema dakika 5, hakuna unachopoteza. Kipimo cha umeme cha taa kisichomekwe kwenye nyaya za njano, ambazo ndizo za eabegi.

Kufikia chuchu za mbele si lazima silingi itolewe yote. Vitolewe vizuia jua, taa ya ndani, vishikio vya juu ya milango ya mbele na plastiki za nguzo mbili za mbele, na raba ya mlango ivutwe pembeni. Silingi itashuka sentimita 10 au 15 kwa mbele, mkono unaingia. Isikunjwe zaidi ya hapo. Ndani yake ni kama boksi gumu, ikivunjika mkunjo haufutiki.

Mipira ikizeeka kwa joto hukakamaa na kufupika, ndiyo maana huchomoka yenyewe hata bila upepo wa mtu. Kama bado ni laini, safisha chuchu, rudisha mpira ufike mpaka mwisho, ufunge kwa klempu ndogo au kwa tai ya plastiki isiyokazwa kupita kiasi. Kama umekakamaa au umepasuka, weka mpya wa kipenyo kile kile cha ndani. Mara nyingi ni kati ya milimita 6 na 10, lakini pima wa zamani, usikisie. Ufungie mpira mpya kwenye ncha ya wa zamani kwa gundi ya utepe na uuvute upite njia ile ile. Uteremke muda wote: mahali popote panapopinda kwenda juu maji yatatuama na tope litakaa.

Chuchu yenyewe ikiwa na ufa, isafishwe kwa spiriti, ikwaruzwe kwa msasa namba 180, na izibwe kwa gundi ya pakiti mbili ya plastiki. Iachwe mpaka kesho yake ndipo ipimwe kwa maji. Hapa, ndani ya trei, gundi ina kazi halali.

Raba na kimo cha kioo

Baada ya mifereji kupona, na hapo tu, ndipo inafaa kuangalia raba. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, fungia kioo juu yake, uvute. Ukanda ukabe kwa nguvu inayolingana pande zote. Unapochomoka bila upinzani, ama raba imelala au kioo kimeshuka. Kwa magari mengi, ukingo wa mbele wa kioo huwa sawa na paa au chini yake kwa kiasi kisichozidi milimita 1, na wa nyuma huwa sawa au juu kwa kiasi hicho hicho. Skrubu za kurekebisha ziko pembeni, ndani, nyingi ni za bisibisi ya nyota. Legeza, sogeza, kaza, pima tena kwa karatasi.

Raba ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikauke, ipakwe grisi ya silikoni ya raba kwa utando mwembamba sana. Hiyo ni grisi, si ile silikoni ya kugandisha. Mafuta ya injini, Vaseline na grisi ya bearingi huivimbisha raba na baada ya muda huwa kama ubani uliotafunwa.

Yale maji ya siku za jua

Kiyoyozi kinapopoza hewa yenye unyevu mwingi kama ya pwani, mvuke hugeuka maji juu ya evapareta, kile kifaa cha kupozea hewa kilicho nyuma ya dashibodi, vile vile chupa ya soda baridi inavyotoa jasho. Maji hayo hukusanywa kwenye kibakuli na kutolewa nje kwa mpira mfupi unaopita kwenye ukuta wa injini. Kwa gari la usukani wa kulia, evapareta kwa kawaida iko upande wa abiria, yaani kushoto, kule kule kunakokulowa.

Kupima ni rahisi kuliko yote. Siku kavu, washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, feni ya kati, dakika 20. Chini ya gari, upande wa abiria, panatakiwa kuwe na kidimbwi. Kukiwa kukavu na kapeti ikawa mbichi, mpira umeziba. Maji yenyewe yachunguze kwa karatasi nyeupe ya chooni: ya kiyoyozi ni safi na hayana rangi, ya mvua iliyopita kwenye trei yana rangi ya vumbi na tope, na yakiwa na utelezi, rangi na harufu tamutamu, hayo ni ya rejeta, kifaa cha joto cha ndani kimetoboka na ni kesi nyingine. Kioo cha mbele kitakuwa kinafanya ukungu wa mafuta pia.

Kuzibua mpira huu ingia kwa chini, gari likiwa limeinuliwa na kuwekewa stendi, si jeki peke yake. Uingize ule uzi wa nailoni sentimita 10 tu, si zaidi, usije ukachoma evapareta. Au uunyonye kwa mashine ya kunyonya maji. Tope likitoka, maji yatashuka kwa kasi, usikae chini yake. Chujio la hewa ya ndani, ambalo kwa Toyota nyingi liko nyuma ya sanduku la dashibodi la abiria, libadilishe, kwa sababu likichakaa huachia uchafu upite mpaka kwenye kibakuli.

Ukiona kidimbwi kipo chini ya gari na bado kapeti inalowa siku za mvua tu, angalia mengine: mifereji iliyo chini ya waipa, ambako majani makubwa hujikusanya, nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango ambayo mafundi wa spika huichana na kuiacha, na mshono wa kioo cha mbele kama kiliwahi kubadilishwa.

Kukausha kwa kweli

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Kapeti ya gari ina sponji nene chini yake, inabeba maji lita kadhaa huku juu pakiguswa panaonekana pakavu. Kufungua vioo na kuanika gari hakutoshi kwa unyevu wa Tanga, hasa wakati wa masika. Kiti cha abiria kitolewe, boliti zake nne, betri ikiwa imechomolewa kwanza kwa sababu chini ya kiti kuna plagi za umeme. Kapeti iinuliwe na sponji ikamuliwe, au itolewe ianikwe juani. Vizibo vya raba vya sakafuni vifunguliwe maji yatoke, visafishwe, virudishwe na visiachwe nje.

Uvundo ni ukungu. Osha kapeti kwa sabuni ya unga, suuza, kisha nyunyiza siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, uache mpaka ikauke kwa feni. Usichanganye siki na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa ni hatari ya kweli. Dawa za kunukisha hazitibu chochote.

Kagua plagi za nyaya zilizo chini ya kapeti na ubavuni mwa miguu. Ukiona ukijani kwenye vipini vya shaba, zisafishwe kwa dawa ya kupuliza ya umeme, zikaushwe. Betri inayokwisha usiku bila sababu, loki zinazojifunga zenyewe, au taa za dashibodi zinazowaka ovyo baada ya mvua, mara nyingi zinaanzia hapa. Bati la sakafu lenye kutu ya juu juu lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Usirudishe kapeti kabla hujamaliza mvua moja kubwa, au kumwaga kwa mpira wa bustani dakika 10, na kuona bati limebaki kavu. Poda ya mtoto ikinyunyizwa kidogo kwenye bati na ubavuni itakuonyesha njia ya tone hata moja.

Kuhusu kubadilisha kioo: kwa ulivyoeleza, hakina kosa. Usinunue.

Na kugandisha sanrufu moja kwa moja, kama utakuja kuambiwa tena, kuna hali moja tu ninayoikubali: trei imevunjika vibaya na fremu haipatikani, si mpya wala ya mtumba. Hapo hutumika gundi ya poliyurethani ya kubandikia vioo vya magari, juu ya bati lililosafishwa na kupakwa praima yake, na fyuzi ya sanrufu huchomolewa kwa kudumu. Hata hivyo matundu manne yanaachwa wazi, maana gundi nayo siku moja itaachia.

Mkwaju usiukate. Kivuli chake kinaokoa dashibodi yako. Egesha hapo hapo, ila kila mwisho wa wiki fungua kioo ufute mfereji kwa kitambaa kibichi, dakika 2 tu. Kipimo cha chupa kwenye pembe zote nne kifanye mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Kwa sasa, mpaka utakapopata siku ya kuzibua, egesha gari likiwa limeinama kuelekea upande wa tundu ambalo kipimo cha chupa kimeonyesha liko wazi, na betri ikichomolewa wakati wa kazi, jua kwamba baadhi ya sanrufu husahau mahali pa kuishia: shikilia swichi upande wa kuinua kama sekunde 10 mpaka kioo kipande, kishuke na kutulia, au fuata kitabu cha gari lako.